Mtaa Ulioipa Barabara Mgongo

Enzi zetu, mgeni aliyetoka barabara kuu hapa Same kuja mtaani kwetu alifikia jikoni, apende asipende. Nyumba zote ziliipa barabara mgongo zikautazama mlima. Wafanyabiashara wa kule barabarani walitucheka, wakatuita watu wa Mtaa wa Mgongo, nasi jina tukalipenda.

Aliyeanza ni baba. Mtaa ulikuwa bado pori la miiba nje kidogo ya mji alipochimba msingi, na mama, bibi harusi mpya kutoka Suji, akamwambia hawezi kukaa nyumba ambayo akifungua mlango anaona malori. Baba akaufukia msingi, akaanza upya. Suji yenyewe haionekani kutoka kwetu, iko nyuma ya milima, lakini mama alilijua wingu lake. Kila asubuhi alisimama barazani, upepo wa Same ukiipeperusha khanga yake, akatangaza, "Leo kwetu kunanyesha," nasi tukaamini kama taarifa ya habari ya redio. Majirani walioteremka milimani baada yetu walijenga vilevile: matofali ya kuchoma, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza ya saruji mbele, uani nyuma.

Na uani ndiko kulikokuwa na utamu. Hodi ilipigwa penye sufuria la makande, kwa hiyo hakuna mama aliyeweza kumdanganya mgeni kwamba chakula kimekwisha. Shikamoo ilijibiwa kwa marahaba na bakuli juu yake. Sisi watoto tulicheza rede na kombolela tukikatiza uani kwa watu, maana hapakuwa na ukuta hata mmoja, na mara nyingi nililala sikumbuki nimekula kwa nani. Vijana wa leo hodi hawaijui. Wanasimama nje, wanatuma ujumbe: "Niko getini."

Geti, naam. Mwaka huu mdogo wangu Mbazi, anayeishi na mama, alisema anajenga ukuta. Nilimpigia simu nikamsihi upande wa mlima auache mfupi.

"Dada, wezi hawachagui upande," akasema.

Nikamwachia. Mimi niko Dar es Salaam, na anayeamka mbwa wakibweka ni yeye.

Nilipokwenda kuwasalimia, ukuta ulikuwa umekwisha, mrefu pande zote, umepakwa rangi nzuri tu. Mama nilimkuta uani, kando ya jiko. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na vumbi limeshika komeo. Nikamuuliza mbona hakai barazani.

"Niende kutazama matofali?" akasema, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimeyakumbuka makande, nimeikumbuka michezo, lakini ninachokitamani hasa ni ile sauti ya asubuhi barazani. Jioni ile mama alichukua simu, akampigia binamu yake aliyeko Suji. Nikamsikia akimuuliza taratibu, "Eti, huko kwetu leo kumenyesha?"