Jembe la Asubuhi ya Msiba

Kwetu Ntobeye mtu akifa, jembe linalala. Marehemu awe mlokole, awe mlevi, awe mchoyo aliyekunyima hata moto wa kuwashia jiko, haijalishi. Mpaka azikwe na matanga yaanuliwe, hakuna anayelima kwenye kilima kizima, hata kupalilia maharage mawili matatu ya uani. Anayelima anasemwa amefurahi. Na kama marehemu ameuawa, basi anayelima ndiye muuaji, kesi imekwisha, hakimu wa nini tena. Hivyo ndivyo mdogo wangu wa kiume alivyokamatwa.

Mimi ni wakili. Nina ofisi ya chumba kimoja Biharamulo mjini, na kesi zangu ni mipaka ya mashamba, ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu, na ndoa zilizochacha. Mauaji sikuwa nimewahi kuyagusa. Watu wakisikia wakili amechunguza mauaji wanadhani kuna ujanja mwingi. Ujanja gani, jamani? Nilitembea kwenye matope nikiwauliza watu waliokuwa wakinijibu kwa kuniuliza mbona nimekonda.

Simu ilipigwa na mama.

"Mwanangu, wamemchukua mdogo wako."

"Akina nani?"

"Polisi. Pamoja na maiti ya mzee. Gari moja."

"Kwa kosa gani?"

"Alilima," akasema.

Mzee mwenyewe alikuwa jirani yetu, mtu aliyefiwa na mke zamani na kubaki na baiskeli yake. Nasema hivyo kwa sababu aliitunza kama mwenza. Kila akipita mbele ya nyumba yetu aligonga kengele, na mama, popote alipo, hata akiwa jikoni na moshi machoni, aliitikia, "Eee, pita salama!" Sisi tulikua tukiisikia kengele ile. Jioni moja walimkuta bondeni, kwenye njia ya kisimani, amepigwa kichwani na kitu kizito. Baiskeli haikuwepo. Watu wakapiga yowe, wakambeba mpaka kwake, na kilima kizima kikahamia pale kulala msibani. Polisi walikuwa wafike kesho yake.

Asubuhi mama alitoka msibani kurudi nyumbani kuchukua sufuria kubwa. Nyumba ya mdogo wangu iko nyuma ya ile ya mama, imezungukwa na migomba. Mama akasikia jembe. Alivyonisimulia, mwanzoni alidhani masikio yanamdanganya. Akasogea, akamwona mwanawe ameinama chini ya migomba, analima.

"Mawe, mama wee!" alipiga kelele. "Unalima? Mzee hajazikwa, wewe unalima? Umekuwa mnyama?"

Mama yangu ana sauti. Msibani walimsikia, wakaja mbio, na walipofika wakaona kumbe si jembe tu. Shati la mdogo wangu lilikuwa na damu kifuani, na mpini wa jembe ulikuwa na damu. Yeye aliliangusha jembe chini akawatazama. Shahidi wa kwanza katika jalada la kesi ya mwanawe akawa mama yangu mzazi.

Nilimkuta mdogo wangu kituoni Ngara, hana viatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ile damu ni ya nani?"

Akatazama miguu yake.

"Nakuuliza kama wakili wako. Ukikaa kimya hivi watakuozesha gerezani. Kesi ya mauaji haina dhamana, unanielewa? Haina! Ile damu ni ya nani?"

"Dada, rudi nyumbani," akasema. "Umetoka mbali."

Nilikasirika, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilitoka pale nikalia juu ya bodaboda, dereva akijifanya hajui. Mdogo wangu ni mtu ambaye mbuzi akichinjwa Krismasi yeye anaenda kuchota maji ili asione. Lakini jambo hilo ungemwambia nani? Damu ni damu, na kwenye karatasi za polisi hakuna sehemu ya kuandika kwamba mtu ni mwoga wa mbuzi.

Basi nikaanza kuuliza kilimani.

"Ulimwona akimpiga mzee?"

"Hapana, wakili. Lakini alilima."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi hapana. Wanapendana sana. Sasa mtu unayempenda akifa utalima?"

"Jioni ile ulimwona wapi?"

"Sikumwona. Lakini wakili, lisemwalo lipo."

Akh! Methali ile nimeichukia toka siku hiyo. Watu wenyewe si wabaya, ndio walionibeba mgongoni nikiwa mtoto. Walikuwa wameona kitu ambacho kwao kilikuwa ushahidi kuliko macho, na ukweli nisiufiche, mimi pia nimelelewa pale. Ningemwona mtu analima asubuhi ile, ningetetemeka kama wao.

Nilienda kwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu, mara mbili, na mara zote aliniambia hajui kitu, alikuwa anaumwa. Wifi ni mtu wa Bisibo, mpole, na kwa mama alikuwa hana bahati. Miaka ilipita bila mtoto, na mama, ambaye ulimi wake Mungu aliusahau kuufunga, alikuwa akimpigia mafumbo mbele za watu. Shamba lisilotoa. Mgomba dume. Alishaanza kumwambia mdogo wangu atafute mwingine, na mdogo wangu akawa haingii tena jikoni kwa mama.

Mara ya tatu nilimkuta amekaa mlangoni anachambua mchele. Tukasalimiana, nikakaa. Nyumba ya jirani mtoto mchanga akaanza kulia. Wifi akainua ungo haraka akauweka kifuani, lakini nilikuwa nimeshaona. Kitenge chake kilikuwa kimelowa pande zote mbili.

Mimi nimenyonyesha. Najua maziwa yanavyotoka yenyewe mtoto akilia, hata awe wa mwingine.

"Wifi," nikasema, "mtoto yuko wapi?"

Aliuachia ungo, mchele ukamwagika wote.

Alikuwa na mimba, na walikuwa wameificha. Zilizotangulia ziliharibika changa bila mtu kujua, na safari hii wakakubaliana mama asijue mpaka mtoto alie. Alivaa magauni mapana, akajifunga vitenge viwili. Jioni ile yowe lilipopigwa aliinuka kwa mshtuko, uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Kilima kizima kilikuwa msibani. Akakataa mume amwache peke yake, na hata angemwacha, mwanamke wa kuitwa alikuwa nani? Mama. Mtoto alizaliwa mikononi mwa baba yake. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Kwetu mtoto asiyelia hatajwi. Hana jina, hana matanga, wanawake wazee wanamzika kimya karibu na nyumba, na mama yake akimtaja wanasema anafunga njia ya wengine. Wifi alimwapisha mumewe kwamba hatasema, kwa mama wala kwa mtu yeyote. Asubuhi mume akachukua jembe akafanya kazi ya wanawake wazee peke yake. Alikuwa ameshamfunika, anasawazisha udongo, mama alipotokea na kelele zake.

"Ukiwaambia, watamfukua," wifi akaniambia.

Sikuweza kumdanganya. "Ndiyo, watamfukua."

Alilia mpaka nikaogopa. Kisha akajifuta uso kwa kile kitenge kilicholowa. "Mtoto ameshakufa," akasema. "Baba yake bado. Fukueni."

Hakimu alitoa amri. Walikuja daktari, afande mpelelezi, mwenyekiti wa kijiji, na watu wakasimama mbali wamejikunyata. Mdogo wangu aliletwa amefungwa pingu. Mama alikuwepo pia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kinachotafutwa. Nadhani alidhani ni silaha. Afande akaomba kijana wa kuchimba. Hakuna aliyejitokeza. Akaamuru, wakarudi nyuma. Nani atashika jembe pale? Jembe la mdogo wangu lenyewe lilikuwa kituoni na lebo ya kielelezo. Mwishowe afande akachukua jembe la mama lililokuwa limeegemezwa ukutani, akamwangalia mdogo wangu, akamfungua pingu.

Akachimba yeye. Alichimba polepole, na karibu na mwisho aliweka jembe pembeni akaendelea kwa mikono. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na faili langu la uwakili nimelikumbatia, sijui la nini. Alipomtoa, kifurushi kilikuwa kimefungwa kwenye kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Kitenge kile mama alimkabidhi wifi siku ya harusi, akamwambia, "Hiki ni cha kumbebea mjukuu wangu."

Mama alikitambua. Niliona anavyokitambua. Hakupiga kelele, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani apige. Alikaa chini palepale kwenye udongo.

Daktari alifanya kazi yake, akamkagua na wifi, akaandika. Mtoto akarudishwa kaburini. Nami nikajua, mjinga mimi, kwamba mdogo wangu atalala nyumbani. Wapi! Waliniambia kaburi limeeleza damu, halijaeleza mzee aliuawa na nani. Akarudishwa mahabusu. Mvua za masika zikaja zikaisha, majani yakaota juu ya kaburi, na yeye bado ndani.

Kisha siku ya gulio Nyakahura, binti wa marehemu alikuwa ananunua dagaa akasikia kengele ya baiskeli. Aligeuka kabla hajafikiri, ndivyo alivyoniambia, mdomo wake ukataka kusema "Karibu, baba." Aliyekuwa akiisukuma baiskeli ile ni mpita njia aliyewahi kulala kilimani kwetu akitafuta vibarua vya kuvuna kahawa. Alipokamatwa hakubisha sana. Alitaka baiskeli tu, alisema, mzee akaing'ang'ania.

Kwa hiyo tulimfukua mtoto, na aliyemtoa baba yake gerezani ni kengele.

Siku alipoachiwa nilimpokea mlangoni. Hakurudi Ntobeye. Alimchukua mkewe wakaenda Bisibo, wakapata kipande cha shamba. Watu wanamcheka eti kahamia ukweni. Waache wacheke.

Na mama hajashika jembe tangu siku ile. Lile lililochimba liko ukutani, lina udongo wake uleule uliokauka. Shamba lake, ambalo lilikuwa safi kuliko yote kilimani, limeingia nyasi mpaka mlangoni. Anakula ninachomletea na ndizi zinazojiotea. Majirani walidhani ni uzee. Nilipomkaripia, kwa sababu mimi huwa nakaripia nikiogopa, aliniambia, "Nina msiba. Mjukuu wangu hajaanuliwa matanga."

"Mama, mtoto yule si wa matanga. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilifundisha vibaya," akasema. "Na wa kuanua ni baba yake. Aje apige jembe la kwanza, nami nitalima. Mpigie simu."

Nilitoka nikasimama penye mtandao, kule juu ya njia, nikampigia. Nikamweleza yote: nyasi, jembe, mama alivyokonda. Nilimsihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Mwambie alime tu, dada," akasema. "Simlaumu kwa polisi. Hata kwa maneno aliyomwambia mke wangu, nimemwachia Mungu. Lakini siku ile nilisimama mbele yake, damu shati zima. Mama yangu mzazi. Aliliona jembe. Hakuniuliza, mwanangu, umeumia?"

Simu ikakatika, au aliikata.

Niliporudi, mama alikuwa amekaa palepale, ameelekea ukutani lilipo jembe.

"Amesemaje?"

Nilikaa chini karibu naye. Nilitazama mikono yake, ambayo sasa imelainika kama ya mtu wa ofisini, nikaona siwezi.

"Amesema shikamoo."

"Marahaba," mama akajibu, taratibu, ameugeuzia mlango uso wake. "Marahaba, baba."