Duara la Naserian

Siku yangu ya kwanza maabara, Profesa alinikabidhi darubini, sahani ya viinitete vya samaki, na onyo kwamba nisiguse kitu kingine. Nilikuwa nimetoka Kitengela na digrii moja na koti jeupe lililonifika magotini. Kiinitete ni kiumbe kabla hakijapata umbo. Jeni zake huziamuru seli zigawanyike, kisha zikome. Kwa mtu mzima, jeni hizo zikiharibika seli hazikomi tena, na hiyo ndiyo saratani. Nililieleza hilo kwa ufasaha hata nikajiona nimeshatibu watu.

Mwaka wa pili nilitumwa Kajiado kuchora michoro ya ukoo. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyeugua saratani hujazwa wino, aliyekufa hupigwa mstari. Familia yenye wino mwingi, watoto wake waliitwa kliniki kila mwaka kuchunguzwa umio, yaani njia ya chakula.

Karibu na Bisil palikuwa na bibi mmoja, Koko kama Wamaasai wanavyomwita bibi, aliyekuwa hamezi hata chai. Binti yake, Naserian, alinipa kigoda.

"Koko, kuna dada zako walikufa na ugonjwa kama huu? Nipe majina."

Akatazama mbuzi. "Hao hatuwaiti majina, kijana."

"Kwa hivyo niandike hakuna?"

"Andika vile shule imekufunza."

Naserian akacheka. "Koko, wacha amalize. Kalamu yake iko na haraka kuliko yeye."

Nikaandika hakuna. Mimi, ambaye bibi yangu Mmaasai hakuwahi kumtaja marehemu kwa jina, alisema tu "yule aliyenifuata". Ningeuliza, "Mlizaliwa wangapi? Huyo wa pili, mwishoni alikuwa anakula nini?" Koko angejibu yote. Nyinyi mnaoanza kazi hii, ulizeni hivyo.

Nilimpelekea mchoro Daktari aliyesimamia kliniki.

"Huyu mama anaugua peke yake kwenye ukoo. Watoto wake hatuwaiti."

"Walinyamaza kidogo, Daktari."

"Kimya hakina nafasi kwenye fomu."

Sikubisha. Nilikuwa na tasnifu ya kumaliza, na nikaimaliza. Chuoni walinipigia makofi.

Miaka kadhaa baadaye nilipita Bisil. Koko alishazikwa. Mlangoni alisimama mdogo wake Naserian, akanitambua kwa miwani.

"Naserian yuko?"

Akainamisha macho. "Alianza kukataa ugali. Baadaye hata maziwa." Akavuta mlango nusu. "Huyo sasa hatumtaji."

Safari hii nilielewa bila fomu.

Nimestaafu mapema, kwa sababu ambazo barua yangu iliziita za kifamilia. Tasnifu iko kwenye rafu hapa Kitengela, na kwenye ukurasa wa Bisil duara la Naserian bado ni jeupe, safi, halina mstari. Vijana wa chuo bado huninukuu. Wanasema data yangu ni safi.