Mke Mwenza wa Magurudumu

Mpaka leo, nikipita mahali chuma cha moto kinamwagiwa maji, ile harufu ya majivu na kutu inanipanda puani na wivu unaamka. Wenzangu wakisikia harufu hukumbuka mapishi ya mama zao. Mimi hukumbuka kamyo.

Kamyo, lile lori, ilikuwa ya Papa, lakini mama yangu hakuiita hivyo. Aliiita mke mwenzake. "Mwenzangu amekwisha kuoga?" alimuuliza Papa kila aliporudi kutoka ziwani, alikokuwa akiisugua kwa sabuni ambayo sisi tuliitafuta nyumba nzima. Mji wetu wa Albertville, miaka ile ya hamsini, ulikuwa na kamyo chache, na majirani waliamini kwamba sisi ni matajiri. Sikubishana nao. Papa alipakia ndakala kavu, vile visamaki vya ziwani, kuzipeleka Nyunzu, akarudi na mihogo, akalala usiku mmoja, akaondoka tena. Kamyo ilikula mafuta, sisi tukala ahadi.

Kwa hiyo siku kamyo ilipogonga jiwe njiani na kurudi gurudumu la mbele limepinda, usukani ukimtetemesha Papa mpaka meno, mimi nilifurahi kama mtu aliyeokota kuku asiye na mwenyewe. Papa akabaki nyumbani! Jioni alikaa nasi mkekani, akanimenyea karanga, akacheka mambo ambayo hata hayakuchekesha. Hesabu yangu ilikuwa fupi, na niliirudia ili kuhakikisha: gurudumu likipona, Papa anaondoka. Nikaliombea ugonjwa mrefu.

Dua zangu zilikuwa zikipokelewa. Mhunzi, Papa Kalunga, alikuja kufanya kazi uani kwetu. Alivua mpira, akabaki na janti, ile duara ya chuma yenyewe. Akaivika kwenye ekseli, akapigilia msumari kwenye ubao kando yake, akaizungusha. Chuma kilipokwaruza msumari, kwii, aliweka hapo alama ya chaki, akaivua janti, akapachoma kwa makaa mpaka pakawa pekundu, akapalaza juu ya kipande cha reli na kupaponda. Kisha akazungusha tena. Kwii! Mahali pengine. Akaponda hapo. Kwii, pengine tena. Siku nzima nyundo ilikimbiza kile kivimbe kama mtu anayekimbiza panya gizani.

"Macho yangu yameliwa na moto," alisema akijifuta jasho. "Nitafutieni muntu mwenye jicho."

Papa akageuka kumtazama Mama.

Mama alikuwa barazani anasuka ungo. Nyungo zake zilijulikana sokoni kwa sababu moja: ukiusimamisha na kuubingirisha, ulikwenda moja kwa moja, haukuyumba. Nilitulia. Mama yangu amponye mke mwenziye? Thubutu!

"Mama Zaina," Papa akaita kwa sauti ya asali, "kuja utuangalilie."

"Nikiangalia, mimi napata nini?"

"Kitenge."

"Kitenge ninacho."

"Viwili basi."

"Papa Zaina, mimi nina kiuno kimoja." Aliendelea kusuka. "Nataka kiti. Kile cha mbele, karibu na wewe. Mpaka Nyunzu na kurudi."

Papa Kalunga alicheka mpaka akakohoa. Papa alicheka pia, halafu akaona Mama hacheki. "Haya," akasema. "Kiti."

Mama akashuka, akachuchumaa, akafumba jicho moja na kumwambia Papa azungushe polepole. Hakutazama palipogusa msumari. Alitazama palipoachana nao.

"Munaponda pazima," alisema. "Huku ndani palipobonyea njo pagonjwa. Pasukumeni patoke."

Wakachoma hapo, wakapiga kutoka ndani. Walipozungusha tena, msumari ulinong'ona sawasawa mzunguko mzima. Papa Kalunga akamwaga maji, mvuke ukanijaa machoni, na ikanifaa, maana nilikuwa ninalia.

Asubuhi yake Mama alipanda mbele amejifunga kitenge cha sikukuu. Hakupunga mkono, mikono yote miwili ilikuwa imeshika dirisha. Nilibaki na nyanya yangu, nimepoteza watu wawili kwa gurudumu moja, biashara mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya.

Waliporudi nikamuuliza Mama kama Papa alimtunza vizuri njiani. Akanielezea mto uliojaa nyasi, daraja linalolia kamyo ikipita, wanawake wa Nyunzu wanaopima unga bila kutikisa kopo, wezi wale! Akanielezea mpaka chakula kikapoa. Papa hakuwamo katika masimulizi hayo.

Nilikuwa mtu mzima, nimekaa juu ya magunia yangu mwenyewe kwenye barabara ileile, ndipo nilipoelewa. Mama hakuionea kamyo wivu kwa sababu ya Papa. Alimwonea Papa wivu kwa sababu ya kamyo.