Kiganja Kwenye Ukuta wa Boma

Tarehe 9 Mei 1911 imechorwa kwa msumari kwenye lipu ya boma la zamani la Wajerumani, upande wa Geita, na chini yake kuna alama ya kiganja cha kushoto. Kiganja hicho ni cha Mabula Jilala. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akimbebea fundi chokaa. Aliteleza, akajishikiza kwenye lipu mbichi, akazabwa kofi.

Habari yenyewe ni hiyo tu. Mabula ameisimulia kwa miaka mingi na hajapata mtu wa kuitaka.

Wanayoitaka ni ya Ngassa, kiongozi wa chama cha ngoma cha Wagika. Baada ya mavuno, Wagika na wapinzani wao, Wagalu, hupiga ngoma kwa wakati mmoja, na wanaovuta watazamaji wengi ndio washindi. Ngassa huchezea chini ya ukuta huo. Ngoma ikikolea huwanyamazisha wapigaji, akasimulia jinsi Mjerumani alivyomfukia mpagazi ukutani akiwa hai, na jinsi marehemu anavyosukuma ili atoke. Watu hupiga mayowe, hukimbia hadi kwenye mihogo, kisha hurudi na kumwomba aanze upya. Wagalu, wenye waimbaji bora, hubaki wakiwachezea mbuzi.

Mabula aliwahi kueleza kwamba mtu angesukuma kutoka ndani, lipu ingevimba kwa nje, ilhali hii imebonyea. Akaambiwa anaharibu ngoma.

Mwaka huu, 1936, jambo hilo limeacha kuwa mzaha. Mvua za Aprili ziliangusha nyumba yake ya udongo. Mtemi akampa vyumba viwili vya boma, vikavu, vyenye paa la bati. Mkewe, Mbuke, akamchukua binti yao Limi, akachukua na kuku, akaenda kwa wazazi wake. Alituma ujumbe kwamba halali nyumba moja na maiti. Mabula akithibitisha kuwa hayumo, atarudi.

Jumamosi iliyopita Mabula alimwita mkewe aje, akapenya katikati ya ngoma na kuweka kiganja chake juu ya alama. Hakikulingana. Kiganja cha mtu wa miaka thelathini na saba kilikifunika cha mtoto kama sahani juu ya kikombe.

"Mmeona wenyewe," Ngassa aliwaambia watu. "Mwenye mkono bado yumo."

Walifurahi kupita kiasi. Mabula akaanza kueleza kwamba watoto hukua, na alikuwa akiwaeleza hayo watu wenye watoto.

Mbuke hakushangilia. Alisogea, akauondoa mkono wa mumewe, akaipapasa alama. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa nje kwenye kiungo cha juu. Cha Mabula kimepinda hivyo hivyo tangu akiwa mchungaji wa miaka saba, alipokanyagwa na ng'ombe.

"Baba Limi, hiki ni chako," alisema. "Siku zote unatuhubiria habari za lipu. Kwa nini hukunionyesha kidole?"

Mabula akainama kukiangalia kidole cha ukutani. Miaka ishirini na mitano alikuwa hajakitazama.

Ngassa hakuhitaji hata kufikiri. "Marehemu kamwazima kidole," alisema, na watu wakakimbilia kwenye mihogo.

Mbuke anahamia Jumatatu, na kuku wake. Jumamosi Wagika watapiga ngoma chini ya dirisha lake.