Jani la Sale Mlangoni

Mume wangu ameniwekea jani la sale mezani, na harufu yake mbichi imenipandisha hasira kabla sijatua hata mkoba.

Tulipokuwa tukiishi Kaloleni, nilikuwa natengeneza mapambo ya Krismasi kwa majani makavu ya mgomba. Asubuhi moja nilikuta jani refu la kijani, limefungwa fundo, limeegemezwa kwenye mlango wa mama. Nikalichana vipande, nikavisuka kwenye mapambo yangu. Nilikuja kuambiwa ukubwani kwamba baba ndiye aliyeliweka. Kwetu Wachaga, sale ni kuomba msamaha, na anayepewa hakatai.

Jioni baba aliuliza, "Umeliona?"

"Nimeona nini?" mama akajibu, wala hakugeuka.

Baba akatazama ukutani, akalitambua jani lake kwenye mapambo yangu, akanyamaza. Akanyamaza wiki nzima, mpaka mama alipofungasha nguo zetu tukahamia Sokon I.

Miaka yote nimeilaumu mikono yangu hii. Kumbe baba alikuwa na mdomo wa kumwambia mama mwenyewe.

Sasa mume wangu amesimama, anasubiri nilipokee.

"Liondoe," nimemwambia. "Kaa hapo, unieleze ulichofanya."