Presi Iliyopokelewa kwa Pombe ya Ndizi

Bega langu la kulia liliharibika wakati ambao Ngara nzima ilikuwa inataka nyundo. Barabara za kwenda kwenye kambi za wakimbizi zilikuwa zinakufa kwa uzito wa malori, na watu waliajiriwa kupasua mawe ya kuziba mashimo. Wateja walinifuata mpaka Bugarama, wakasimama mlangoni pa karakana yangu wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewanyima kazi. Nilikuwa nawafokea. Sikuwahi kuwa mtu mpole, na maumivu hayakunisaidia.

Jembe mhunzi anaweza kulifua peke yake, lakini kichwa cha nyundo hakikubali. Kinakatwa kwenye ekseli ya lori, chuma kinene kama mkono wa mtu. Lazima awepo mmoja wa kukishika kwa koleo na mwingine wa kukipiga kwa nyundo kubwa kabla hakijapoa. Huyo mwingine kwangu alikuwa Mrundi kutoka kambini, mhunzi mwenzangu, aliyevuka mpaka na mke wake. Tulielewana haraka, maana Kirundi chake na Kihangaza chetu havipishani sana. Kazi ilikwenda, na nyundo zetu zilisifiwa.

Kilichoninyima raha ni habari. Kila siku ya soko ilikuja nyingine. Mara wakimbizi wanarudishwa mwezi huu, mara hawarudishwi, mara mpaka wa Kabanga umefungwa. Nikisikia lori linapita natoka nje kuangalia limebeba nini, nikirudi chuma kimepoa. Nilimuuliza, "Wewe utarudi?"

"Sijui, bwana. Hata ukiniuliza kesho nitakujibu hivyohivyo."

Nilikasirika, nikadhani ananificha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Akiondoka yeye, na bega langu hili, nyundo zimekwisha, na nyumba yangu ilikuwa inakula kwa nyundo.

Ndipo nikasikia kuna mwenye gereji Biharamulo anauza presi za haidroliki, zile zinazogandamiza chuma kwa nguvu ya mafuta. Nilimwambia mwenzangu kwa sauti ya chini. Niliona haya, kwa kuwa nilikuwa natafuta kitu cha kukaa mahali pake. Akaacha mivukuto, akacheka.

"Tutakwenda wote," akasema. "Ukienda peke yako utanunua rangi."

Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali. Alikipata, sijui kwa maneno gani.

Na kweli nilitaka kununua rangi. Presi ya kwanza ilikuwa ndefu, nyekundu, ya kupampu kwa mkono, na mwenye gereji alituapia kuwa hakuna beringi iliyogoma isiyotoka mbele yake. Ya pili ilikuwa kituko. Silinda yake iliwahi kuinua bodi ya tipa, sasa imefungwa katikati ya vyuma vya chasisi vilivyochomelewa, na pembeni kuna pampu inayozungushwa na injini ya mashine ya kusaga. Halafu ilivuja. Nilishaanza kuongea bei ya ile nyekundu mwenzangu alipoomba moto.

Tulipasha kipande cha ekseli. Kwenye ile nyekundu tulipampu, tukapampu, nayo ikashuka taratibu kama muumini aliyegombana na padri akienda kukomunika. Ilipogusa chuma, chuma kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Nguvu ilikuwepo, ila beringi inaweza kusubiri na chuma cha moto hakiwezi. Kile kituko kiliunguruma, kikashuka, kikabonyeza. Mwenzangu akaweka tindo juu ya chuma, presi ikashuka tena, na tundu la mpini likafunguka mbele ya macho yetu.

Alikitazama kile kichwa cha nyundo, akakigeuza kwa koleo. "Huyu anafaa," akasema. "Hachoki."

Nikalipa. Furaha niliyoitegemea haikuja.

Tulipoifikisha nyumbani kwa lori, mama yangu alisimama mlangoni pa karakana akatuzuia. Mama hakukosa misa hata mara moja, lakini alikuwa ameolewa na mhunzi. Kwa wahunzi wa ukoo wetu nyundo mpya haiingii kimyakimya. Inapokelewa kama bibi harusi, kwa pombe ya ndizi, na lazima wawepo watu wa kwao wa kuikabidhi.

"Hii ni mashine, mama," nikasema.

"Itafanya kazi ya nani?"

"Ya nyundo."

"Basi ni nyundo. Watu wa kwao wako wapi?"

Bomba la mafuta lilikuwa limelegea njiani, nami nilitaka kulikaza, si kusimama pale. Kabla sijatoa ukali mwenzangu akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema. "Watu wa kwao ni mimi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akasema yote ya kusema. Kwamba binti amelelewa vizuri, kwamba akilala njaa arudishwe kwao, kwamba asipigwe. Majirani walishika mbavu. Mama akainyunyizia injini pombe, na mimi nikacheka huku nimelala chini ya silinda, spana mkononi.

Nilipoinuka mwenzangu alikuwa ameshavaa koti. Akampa mama mkono, kisha akanipa mimi.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Hatujaiwasha bado!"

Mama ndiye aliyenijibu. "Mwache. Anayemleta bibi harusi halali ukweni. Anaondoka siku hiyohiyo."

Nikamtazama mwenzangu usoni, nikaelewa kwamba anarudi nchini kwao. Desturi ile ilikuwa ya kwao pia. Aliijua vizuri alipojitolea kuwa upande wa bibi harusi, na alikuwa anatafuta njia ya kuniaga bila mimi kumfokea.

Nikamfokea hata hivyo. Nikamwambia huko anakokwenda watu bado wanauana, kwamba nitamficha, kwamba ana kichwa kigumu kuliko ekseli. Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Mke wangu ameshafunga mizigo, bwana," akasema, akaondoka.

Majirani walikuwa bado wanangoja kuiona mashine ikifanya kazi. Nikaiwasha. Ilibonyeza kichwa cha kwanza cha nyundo vizuri kabisa, watu wakapiga makofi, na mimi nikaiacha iendelee kuunguruma bila chuma chochote ndani, ili wasinisikie nikilia.