Kopo la Nabalayo

Dokta Rupal alikuwa na methali moja aliyowachosha nayo wagonjwa wake wote wa Mbale: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamke akiinamisha uso kwa aibu ya kusema anaendesha damu, Rupal alimpa methali hiyo kwanza, kisha kopo la kuletea choo kikapimwe.

Alikuwa na sababu. Alizaliwa Jinja, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na alikuwa na miaka kumi na sita mama yake, Lataben, alipokondeana kitandani mpaka akaisha. Miaka mitatu madaktari walimpa dawa za amiba. Kila alipolia kwamba bado anaumwa, walimwonyesha karatasi: majibu safi, mama, huna kitu. Siku majivu yake yalipomwagwa mtoni, Rupal aliapa kuusaka ugonjwa ule.

Aliusaka miaka kumi na minne. Ni ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda, mwili unajishambulia wenyewe, na wakubwa zake kazini walimcheka: huo ni wa Wazungu, Rupal, watu wa hapa wana minyoo. Hakuolewa, hakupumzika. Katika chumba kimoja chenye friji alikusanya wagonjwa sitini na mmoja, na aliyempenda kuliko wote, usimwambie mtu, ni Nabalayo, muuza nyanya wa Nakaloke.

Alipompa vidonge vya kutuliza uvimbe, Nabalayo alianza kunenepa. Choo chake kilipimwa kila mwezi, kuona kama uvimbe umetulia. Kopo halikutakiwa kuchelewa njiani, na Nabalayo hakuweza kuacha meza yake sokoni, kwa hiyo Rupal alipanga liletwe na Masaba, mume wa Beverlyne, binti wa Nabalayo, mwendesha bodaboda wa Namatala. Mpango mzuri kabisa, kwa mtu asiye wa kabila lao, Wamasaba.

Mwezi wa kwanza, majibu safi. Wa pili, safi. Vidonge vile vikikaa sana mwilini huumiza mifupa, basi Rupal akavipunguza. Mwezi wa tatu Nabalayo akapiga simu.

"Dokta, damu imerudi. Tumbo inanikata."

"Mama, majibu yako ni safi. Hiyo ni hofu tu."

Rupal akavisimamisha vidonge, akakaa kuandika ripoti yake kwa furaha.

Wiki ya tano baada ya hapo Nabalayo aliletwa hospitali tumbo gumu kama ubao. Utumbo ulikuwa umetoboka. Aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi ile ile, na Rupal akabaki kwenye korido na faili lake, haelewi kitu. Mtu aliyepona anatobokaje? Masaba akamjia, helmeti mkononi.

"Dokta, mimi nilikosa. Ile kitu ya kopo haikuwa ya mama. Ilikuwa yangu."

"Yako? Mara zote?"

"Zote. Kwetu mtu hawezi kubeba choo ya mama mkwe, ni mwiko. Hata mkono simpatii, tukikutana njiani napita kando. Mama mwenyewe anafikiri Beverlyne ndiye analeta. Kopo nikipewa na Beverlyne, mbele huko namwaga, naweka yangu. Na we ulikuwa unanisifu naleta haraka, dokta. Nilishindwa kusema."

Rupal alitamani kumpiga. Na wale wagonjwa wengine sitini, makopo mangapi yaliletwa na wakwe? Miaka yake yote ilikuwa inamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Akafungua faili, angalau amwonyeshe Masaba ubaya alioufanya, na hapo akakutana na mwandiko wake mwenyewe: Mgonjwa anasema damu imerudi. Majibu safi. Vidonge visimamishwe.

Nabalayo hakuficha maradhi. Alisema, kwa kinywa chake, na Rupal ndiye aliyepokea simu.

Daktari wa upasuaji akatoka, akavua glavu, akatikisa kichwa. Beverlyne, aliyekuwa ameketi sakafuni tangu asubuhi, akainuka akamkamata Rupal koti.

"Dokta, mlisema mama amepona. Sasa nini imemuua?"

Masaba akafungua mdomo. Rupal akamtangulia.

"Mama yako aliniambia anaumwa," alisema. "Nikamwonyesha karatasi."